Shikamoo ya mlangoni

Shamila, epua hayo maharage usome hapa. Asnath wetu, mtoto wa Nzega tuliyepanga naye Isevya, leo kamjibu Mwalimu Lugembe mbele ya darasa zima.

Mwalimu kaja na ujumbe aliotumiwa na Asnath jana, kauweka ukutani kwa projekta: "Shkm mwl, cjaelewa swali."

Akasema simu imekula lugha yenu, sasa mpaka shikamoo ya mkubwa mnaikata mkia. Asnath, simama uniamkie kama mtu aliyelelewa.

Nikajua atalia. Thubutu.

"Mwalimu, asubuhi nilikuamkia pale mlangoni. Shikamoo nzima, na goti nikapiga kama kwetu. Ukapita."

Ukapita, Shamila. Kamwambia usoni, sauti haitetemeki.

Mwalimu akauliza, kwa hiyo mkosaji ni mimi?

"Hii fupi nitaifuta, nikuandikie ndefu. Ile ya mlangoni bado naisubiri marahaba yake." Kaketi.

Mwalimu kazima projekta, kafundisha bila kututazama. Kipindi kilipokwisha tukampitia pale pale mlangoni, mmoja mmoja, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu. Zote ikabidi aitikie. Asnath tulimweka wa mwisho, na safari hii goti hakupiga.