Kabla Hujamufukuza Feza

Kindu, Kasuku, siku ya tano baada ya Idi

Kwa mudogo wangu Salumu, huko Kampene,

Ninakusalimu wewe, ninausalimu na muguu wako wenye kidonda, maana siku hizi hamuachani. Sisi huku tunapumua. Muke wangu Zaina anapumua kwa nguvu zaidi kuliko mimi, juu amenikasirikia. Sababu utaiona huko chini. Kwanza furahi na mimi: mwaka huu mimi yaya wako, mukubwa wako, nimefunga Ramazani yote, siku thelathini, bila kukosa hata moja, na musikiti muzima unanisifu.

Uongo. Nimefunga siku tano. Ya sita ilinishinda kabla ya adhuhuri, na zile sifa za musikitini nimeziiba. Nitakueleza namna nilivyoziiba, juu wizi huo njo unanifanya nikuandikie haraka hivi, kabla jamaa hawajaketi kumuhukumu muke wako Feza.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa kamyo ya mucele. Uliandika kwamba unamaliza mutungi wa mayi na kiu haiishi, unakula kama muchimba mawe na bado unakonda, kidonda cha muguu kimekataa kufunga, na sisimizi wanapanga mustari nyuma ya choo chako. Halafu mufumu wenu, yule wa kupiga bao, amekuambia kwamba Feza amefukia kitu pale pale kwenye sisimizi, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi jamaa watakutana kumurudisha kwao. Unataka mimi mukubwa wako nitoe sauti yangu. Sauti yangu njo hii. Isikie mpaka mwisho, hata kama nitakuchekesha njiani.

Yangu ilianza kabla ya mwezi wa kufunga. Unajua nakaa barazani karibu na soko, nashona abakosti, yale makoti ya wakubwa yasiyotaka tai, mita iko shingoni tangu asubuhi. Siku moja suruali yangu ilishuka mbele ya muteja, mukubwa mumoja wa chama, nikaikamata kwa viwiko. Alipoondoka nikajipima kiuno: nimepungua vidole vinne! Sikuamini. Nikaishuku mita, kwamba imevutika kwa uzee. Nikaazima mita ya mushonaji jirani; nayo ikasema vilevile, basi nikamushuku jirani. Wakubwa kila mwaka ninawaongezea kitambaa cha tumbo, mimi peke yangu njo ninapungua, na mucele ninakula sahani mbili. (Kama kuna muntu anaifungua barua hii njiani: citoyen, ndugu raia, hayo ya matumbo ni sifa. Kunenepa ni afya.)

Halafu uzi ukakataa kuingia katika sindano. Macho yalikuwa na ukungu, lakini mimi sikuyashuku macho, niliishuku sindano, kwamba huko kiwandani wanatoboa matundu madogo kwa uchoyo. Nikajichoma kidole cha shahada, na kale katundu kadogo, Salumu, kakakaa wiki tatu kanatoa mayi.

Ramazani ikanikuta hivyo. Siku ya sita ulimi ulikuwa mugumu kama kile kitambaa tunachotia ndani ya kola. Nikaenda kutawaza. Nikatia mayi mudomoni, nikasukutua, na mayi yakajua njia. Nikatazama huku na huku. Nikasukutua tena. Tangu siku ile nikawa muntu wa kutawaza. Sala haijafika, mimi niko na birika. Halafu mayi yale yananidai choo, udhu unavunjika, ninarudi kwenye birika, ninasukutua tena. Mara kumi na mbili kwa siku, mara kumi na tano. Wazee wakaanza kunong'ona, na mumoja akasema mbele ya watu wote, "Mumuone Asumani. Hataki kukaa bila udhu hata dakika moja." Nami nikainamisha kichwa kama walii, na tumbo linacheza mayi ndani.

Zaina peke yake hakudanganyika. Alikuwa anahesabu safari zangu.

"Baba Asha," akaniuliza, "huyo mwanamuke wako wa Mikelenge, siku hizi amehamia ndani ya choo chetu?"

"Mwanamuke gani?"

"Yule anayekukondesha."

Basi yeye akinishuku mwanamuke, mimi nikamushuku chakula. Nikawa ninanusa mboga ya sombe kabla ya kula. Nikawa ninamwambia aonje kwanza. Alionja, akameza, akanitazama, na mimi nikashuku namna alivyomeza.

Njo wakaja sisimizi. Nyuma ya bafu yetu ya makuti kuna mahali ninaposimama choo kikiwa na muntu. Asubuhi moja naona mustari mweusi wa sisimizi, wengi kama watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, siku ya ukaguzi, tofauti ni kwamba hawa wanafanya kazi kweli. Wewe unajua sukari ilivyo ngumu kupatikana huku. Zaina alikuwa amepanga foleni akapata nusu kilo, akaificha kwa ajili ya Idi. Nikasema, ahaa, huyu mama ameifukia sukari hapa nisiione. Nikangoja aende sokoni, nikachukua jembe.

Aliporudi nilikuwa shimoni mpaka magoti.

"Unachimba nini?"

"Sukari yako."

Aliingia ndani, akatoka na ule mufuko wa nusu kilo, bado umefungwa kwa uzi ambao mimi mwenyewe nilimupa. Ulikuwa ndani ya sanduku, chini ya vitenge vyake. Na mimi, badala ya kuona aibu, nikauona uchawi. Nikamwambia, "Kama si sukari, basi umefukia nini hapa?"

Salumu, hayo njo maneno ya mufumu wako, neno kwa neno, na mimi sikumulipa mufumu hata kuku. Yalitoka katika kinywa changu mwenyewe, kwa muke niliyekaa naye miaka thelathini na mitatu.

Zaina akafunga mizigo yake. Akajitwika, akafika penye mulango wa uwa, akasimama. Akaangalia lile shimo.

"Hapa njo unasimama kukojoa?"

"Njo hapa."

"Mimi ninakojoa kule. Nenda ukaangalie kule."

Nikaenda. Hapakuwa na sisimizi hata mumoja.

"Basi hawanifuati mimi," akasema. "Wanakufuata wewe. Kesho tunakwenda hospitali. Tutapeleka mukojo wako na wangu, tuone muchawi ni nani." Alikuwa amesikia habari ya kipimo hicho kwa muuza samaki mumoja, naye alipatikana hivyo hivyo, kwa kiu na kukonda.

Asubuhi tukatia kila muntu mukojo wake katika chupa ndogo ya dawa. Zilifanana, kwa hiyo nikafunga uzi mwekundu kwenye yangu, mweupe kwenye yake. Sasa sikia ujanja wa yaya wako, na usimusomee imamu. Njiani nikawaza: mukojo ni kitu cha muntu, kama kucha, kama nywele. Nani anajua huyo munganga wa hospitali ataupeleka wapi? Zaina aliposimama kumusalimu muntu, nikabadilisha nyuzi. Nikasema moyoni, kama kuna baya huko, limupate yeye aliyenitoa nyumbani.

Munganga wa kupima ni kijana, koti lake limekatwa vibaya mabegani, nikamushuku palepale. Alikuwa na vichupa vyembamba vya kioo, dawa ya bluu, na taa ndogo ya kuchemshia. Akatia matone machache ya chupa ya uzi mwekundu katika dawa, akachemsha. Ikabaki bluu.

"Citoyen, uko muzima. Unaweza kuoa tena."

Zaina akanitazama. Halafu kijana akachemsha ile ya uzi mweupe. Bluu ikawa kijani, ikawa manjano, ikawa rangi ya tofali la kuchoma.

"Mama," akasema polepole, "uko na ugonjwa wa sukari."

Muke wangu akakaa chini, sakafuni. Hakuuliza kama atakufa, hakuuliza dawa. Alisema hivi tu: "Sasa nani atamupikia huyu muzee?"

Kunyamaza kulikuwa rahisi, mudogo wangu. Ningetoka pale muzima wa afya, na sifa zangu za musikitini, yeye akabeba ugonjwa wangu. Lakini nikasema nyuzi nimezibadilisha.

"Juu ya nini?" kijana akauliza. Nikamueleza. Zaina alisikia yote.

"Basi baya ulitaka linipate mimi," akasema.

Kijana akaniambia nikojoe upya, mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Anza wewe. Kama dawa yako inamugeukia kila muntu, tutaona." Akacheka mpaka akafuta machozi, lakini alikwenda nyuma ya pazia, akarudi na yake, akachemsha. Bluu. Yangu: tofali. Nikamwambia arudie. Tofali tena.

Akaniuliza kiu, kukonda, macho, kidole, kama vile alikuwa amekaa barazani kwangu miezi yote hiyo. Akasema ugonjwa huu hautoki, lakini unafugwa, na ukiujua mapema haukuli miguu. Amenipa vidonge. Amenikataza sukari ya chai, muwa, ndizi zilizoiva sana, na kile kinywaji kingine ambacho wewe unakijua na imamu hakijui. Mucele, sahani moja ndogo. Sombe na samaki ruksa. Na kufunga, akasema, nisifunge tena kabla ya kumuuliza. Vidonge nilivishuku siku mbili, ya tatu nikameza. Sasa kiu imepungua, kidole kimefunga, na kila asubuhi ninakwenda kuwakagua sisimizi: wiki hii mustari umekatika katikati. Zaina anapika, lakini anaonja mbele yangu kwa kijiko kikubwa, bila kuambiwa, akinitazama. Hiyo njo adhabu yangu, na bado haijaisha.

Kitu kimoja zaidi. Kijana aliniuliza kama iko ndugu wa damu mwenye kiu kama yangu. Nilimutaja baba. Nilikutaja wewe.

Mukumbuke baba, Salumu. Miezi ya mwisho alilala na kibuyu cha mayi kichwani pake. Kidole cha muguu kilikuwa cheusi. Na sisimizi walipanda ukuta wake, wewe njo ulinionyesha. Sisi tulisema ni Mama Mudogo, yule muke wake wa pili, tukamufukuza. Mimi nilibeba mukeka wake mpaka barabarani, wewe ulibeba sufuria. Alituuliza, "Wanangu, nimefanya nini?" Tukaongeza mwendo ili tusijibu. Amekufa, siwezi kumupelekea habari ya chupa ya tofali. Feza yuko hai, yuko jikoni kwako sasa hivi.

Kwa hiyo barua hii isome mbele ya jamaa, isipokuwa pale pa imamu. Waambie mukubwa wako amekataa. Hakuna kikao juu ya Feza kabla ya munganga kuchemsha mukojo wako. Na usingoje Ijumaa yao, juu kidonda chako kiko muguuni, mahali palepale kilipoanza cha baba. Nenda dispanseri kesho, na kama hawana ile dawa ya bluu, panda kamyo uje hapa Kindu, kitanda kipo. Ukipata bluu, mubaki na Feza wako, uniandikie matusi yote unayotaka. Ukipata tofali, mubaki na Feza wako vilevile, na sisimizi tutawafuga sote wawili.

Mufumu mwambie nauliza: yeye kwake sisimizi wanasimama wapi?

Nisalimie Feza, umwambie shemeji yake anaomba radhi kwa jambo ambalo bado hajalijua. Nisalimie dada yetu mukubwa anayetwanga mucele wa watu, na mukwe wako wa kule mugodini, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kusoma nusu. Nusu ya pili naendelea kuitafuta.

Sasa deni langu. Tulikuwa tunalala mukeka mumoja, mimi na wewe, na wewe ulikuwa unaukojoa. Siku ile baba alipoingia na fimbo akiuliza ni nani, ulikuwa umejificha nyuma yangu. Nikasema ni mimi. Nilikuwa tayari nimetahiriwa, Salumu, kijana mukubwa. Nilichapwa, na watoto wa mutaa waliniita Mukojozi mpaka mavuno. Sijakudai hata siku moja. Leo ninadai. Mimi nilibeba mukojo wako ukiwa si wangu. Sasa nibebee huo wako mwenyewe, chupa moja tu, mpaka kwa munganga.

Na uzi ufunge wewe.

Yaya wako,
Asumani, mushonaji