Dawa ya Minyoo kwa Mguu wa Mama

Kumasi

Kaka Asiama,

Baridi ya huko isikumalize. Sisi tupo. Mjomba Bediako bado yuko mochwari, maana Mama alikataa kaka yake azikwe kabla ya yeye kuweza kusimama na kumchezea ngoma ya mazishi.

Ulipotuma magongo, daktari alikuwa ameshaamua kuukata mguu wa Mama. Vijidudu vya kidonda vilishazoea kila dawa. Kisha akaomba ajaribu dawa ya zamani ya minyoo pamoja na sindano zilezile za kuua vijidudu, kwani maabara waliona inavidhoofisha.

Mama alimkodolea macho. “We daktari, nina minyoo mguuni?”

“Hapana, Mama. Dawa ndiyo imepewa kazi nyingine.”

“Basi iifanye haraka. Kaka yangu anaona baridi kule.”

Haikufanya haraka, kaka. Nilikuwa nikilia chooni asinione. Ila sasa kidonda kimefunga, na magongo yako anafukuzia kuku wa jirani.

Mazishi ni mwezi ujao. Mama anasema usije mikono mitupu: mletee viatu vyeusi vya kuchezea ngoma, vyote viwili.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Obenewaa