Mama wa Duarani Hayumo Kwenye Orodha

Bomani, Jumatano

Lakini kwa nini yule mama anayelia alimwita mwanawe Mwita? Kwenye tamthilia kijana anaitwa Daudi.

Wachambuzi wote wanasema tamthilia hii ya wachimbaji wa dhahabu ndiyo kilele cha mwongozaji wake, na wote wanasifu tukio moja: mama anamlilia mwanawe kwenye mdomo wa duara, shimo la wachimbaji, lililobomoka. "Uigizaji uliokomaa," wameandika. Mhariri anataka nami nisifu, makala iwe mezani kesho. Nimelitazama tukio hilo mara nne. Kwenye orodha ya waigizaji mama huyo hayumo.

Asubuhi nilimpigia mwongozaji. Akacheka. "Kaka, yule tulimpata hukohuko kwenu. Kipaji cha kuzaliwa!" Jina lake halijui.

Mchana nimempata mama huyo kijijini Nyarero, anapepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha tukio kwenye simu. Alitazama mpaka mwisho.

"Mimi sijui kuigiza, baba. Siku ile nilikuwa nalia. Wale wenye kamera nilidhani ni watu wa serikali, wamekuja kumtoa Mwita wangu."

Kisha akauliza, "Na huyo wa kwao, walimtoa?"

Nikamwambia ukweli. Sehemu inayofuata Daudi anatolewa mzima.

"Ana bahati. Wangu bado yumo." Akaendelea kupepeta.

Ushahidi ninao, kwa sauti yake mwenyewe. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa mfukoni mwangu muda wote, na mimi sikumwambia.