Picha Ulizogawa Barabara ya Rusumo

Wifi yangu Leokadia,

Sijui kuanza barua bila kuuliza hali, na hali yako siwezi kuiuliza tena. Basi nikupe ya kwetu. Kaka yako mzima, ila mguu unamsumbua kukiwa na baridi. Maharage uliyopanda nyuma ya mgahawa yalikomaa, na Yustina ameyang'oa peke yake na tumbo lake lile, akakataa kusaidiwa. Ni binti yako kabisa. Mimi nimechoka. Siumwi. Nimechoka tu, kama mtu aliyerudi shambani akakuta hata maji ya kupikia hayajatekwa.

Mgahawa uko wazi. Madereva wanaokwenda mpakani Rusumo wakisimama hapo Lusahunga wanakuulizia. Yustina akiwaambia, chai inapoa mbele yao.

Wiki hii nimepitia picha zetu za karatasi. Unaikumbuka kamera ya mkanda niliyoachiwa na marehemu baba. Nilikuwa nafundisha huku Rulenge, na Jumamosi nadandia lori la ndizi kwenda soko la kambi ya wakimbizi, kamera shingoni, kwa sababu tu naipenda. Walimu wenzangu walisema nimekosa kazi. Wakimbizi ndio walioniita. Walikuwa wametoka Rwanda, Kihangaza changu na lugha yao vinasikilizana, wakawa wananivuta mkono nimpige mtoto picha, nimpige bibi, niwapige wote mbele ya turubai wakiwa wamenyooka kama wako kanisani.

Mkanda ukijaa nakuletea wewe, wewe unampa dereva anayeshuka Kahama, unasafishwa huko, na baada ya wiki nyingi picha zinarudi kwa njia ile ile. Ulikuwa unafungua bahasha kabla yangu. Nilijua, maana picha zilikuwa na alama za mafuta ya maandazi pembeni. Sikuwahi kukuambia.

Halafu yakaja majira yale ya mvua, kambi ikaambiwa irudi kwao. Barabara ikajaa watu, godoro kichwani, mtoto mgongoni, siku nzima na siku ya pili yake. Bahasha ya mwisho ilikuwa imefika kwako muda si mrefu. Mimi nilishakata tamaa. Nilijisemea wenye picha wamekwishakwenda, nani atawatafuta katika umati ule. Wewe ulifunga mgahawa, ukapanda lori, na dereva aliposhindwa kupita katikati ya watu ukashuka, ukasimama pembeni ya lami na zile picha mkononi.

Ulinisimulia ukiwa umekaa jikoni kwangu, miguu imevimba mpaka kandambili hazivuliki. Ulisema ulizinyanyua moja moja juu ya kichwa na watu wakawa wanapita wakiangalia. Wa kwanza kutoka alikuwa msichana aliyemtambua dada yake. Kisha wakaanza kuitana huko mbele kwamba kuna mama ana sura za watu. Wengine walizipokea kwa niaba ya jirani. Wengine walikuomba picha za watu wasiowajua, wapate tu cha kubeba, ukawanyima.

Na yule mwanamume wa godoro. Alisimama mbele ya picha ya mwanamke aliyevaa kitenge cha njano, asisogee mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kumsukuma. Ndipo akakuambia, "Huyu ni mke wangu. Nimemwacha kaburini kule kambini. Nilikuwa nakwenda kwa mama yake bila kitu mkononi."

Mikono yake yote ilikuwa juu, ameshika godoro. Ukaifunga picha kwenye kipande cha nailoni, ukamtilia mfukoni mwa shati, ukamfunga kifungo. Akaenda.

Ulipomaliza kunisimulia uliomba maji ya moto ya miguu, ukaniambia, "Mwalimu, usiache kupiga."

Sikuacha, wifi. Hata studio ya Kahama ilipokataa mikanda, wakasema dawa za kusafishia haziletwi tena, nilipumzika kitambo tu. Mwanangu Deo akanitumia kamera ya digitali kutoka Mwanza. Ulicheka siku ile nilipokupiga ukiwa unakanda unga, nikakuonyesha hapo hapo. Ukasema unaonekana mzee, nifute. Nikafuta, nikapiga nyingine, ukasema nayo nifute.

Mwaka ule Warundi wa kambi ya mwisho huku kwetu walipopandishwa magari kurudi kwao, nilikwenda na kamera hiyo. Nilipiga mpaka betri ikaisha. Mama mmoja alijiona kwenye kioo cha kamera na wanawe, akafurahi, akanyoosha mkono apewe. Nikamweleza kwamba imo humu ndani, karatasi mpaka Mwanza. Akaniangalia kama ninayemficha kitu. Gari likaondoka mkono wake ukiwa bado umenyooshwa. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Tangu hapo nimezidi kuchoka. Zamani nilikuwa naangalia sana kabla ya kubonyeza, maana mkanda ni mfupi. Siku hizi nabonyeza tu.

Na siku ya kukuzika walinipa kazi. Nani mwingine alikuwa na kamera? Walinishika bega: mwalimu, piga hapa wanakwaya, piga pale, ndugu wa Biharamulo hawajapigwa. Nikapiga. Kwenye kile kioo kidogo jeneza lako lilikuwa dogo kuliko kidole changu, nikaliona likishuka, nikaangalia kama mwanga unatosha. Mwanga, wifi. Watu wote walilia. Mimi sikupata nafasi.

Kilio kilinijia siku nyingine kabisa, namenya ndizi. Sikusikia hata kisu kilivyoanguka. Kaka yako alikiokota, akakaa kwenye kigoda changu, akamenya zilizobaki. Hajawahi kumenya ndizi maisha yake yote, unamjua, maganda yalitoka na nusu ya chakula.

Picha za msiba ziko kwenye kadi ya kamera bado. Deo anasema nimtumie azichapishe. Nitamtumia. Si sasa.

Yustina ameniomba niende kukaa naye, siku zake zimekaribia. Alisisitiza nisisahau kamera, mtoto apigwe akiwa mbichi. Nimemwambia sawa. Ila wewe nakuahidi tofauti kidogo. Kamera itakaa kwenye begi. Nitanawa mikono, nitampokea mjukuu wako, nitamshika mpaka mikono ife ganzi, na nitamwangalia kwa macho haya haya, yamechoka lakini bado yanaona. Nikimaliza kumwangalia, nikishalia kama ni kulia, ndipo wataniletea hilo begi.

Lala salama, wifi yangu. Nimekuita mara nyingi wiki hii nikiwa peke yangu, leo nakuacha upumzike.

Ni mimi, Mwalimu wako,
Rulenge