Siku Kumi na Mbili Nilizomsainia Wifi Yangu

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya sabuni hapa kazini, karatasi iko juu ya goti, na nakuomba usiicheleweshe barua hii maana Alhamisi ya wiki ijayo afisa kazi anakuja na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Mimi ni mnyooshaji katika londri kubwa inayofua mashuka ya hoteli, mwaka wa tisa huu niko mbele ya presi ya mvuke, na tangu mwaka juzi nimekabidhiwa pia kitabu cha mahudhurio, kila mtu anasaini asubuhi na mimi nasaini chini ya ukurasa kuthibitisha. Tuko wanawake kumi na mmoja. Bosi wetu tunamwita Kidole, kwa sababu kila asubuhi anasimama mlangoni kutuhesabu kwa kidole, na kwake siku usiyokuja ni siku isiyolipwa, uwe umelazwa, uwe umefiwa. Tulipomuuliza habari za kima cha chini cha mshahara alisema hicho ni cha watu wa maofisini, anayekitaka akakitafute huko. Basi na sisi tukajitungia njia yetu, tunaiita kubebana, yaani mmoja akiugua wenzake wanagawana marundo yake ya mashuka na mmoja anamsainia kitabuni, mwisho wa mwezi anakuta siku zake zimekamilika. Mimi nimebebwa nilipopata homa, na nimebeba wengi, na sikuona dhambi maana hakuna shuka hata moja lililolala bila kunyooshwa.

Mwezi uliopita wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kazini, alianza kukohoa, tukadhani ni mvuke, kumbe mapafu yamejaa maji, akalazwa tarehe tatu. Nikamsainia siku kumi na mbili, nikiiga hadi mkia wa herufi yake ya mwisho. Daktari aliposema apumzike miezi miwili kubebana kukashindikana, na muuguzi akamwambia mume wangu kuwa likizo ya ugonjwa ipo kisheria na ni ya malipo, basi mume wangu akapeleka cheti cha hospitali kwa Kidole bila hata kuniuliza. Kidole alikisoma, akafungua kitabu, akaviweka kimoja kando ya kingine. Cheti kinasema tarehe tatu alikuwa wodini, kitabu kinasema alikuwa kwenye presi. Akasema cheti ni cha kughushi, na wifi kazi hana. Mume wangu akaenda kushtaki ofisi ya kazi, ndiyo huyo afisa anakuja.

Jana Kidole aliniita ofisini akafunga mlango. Mezani kulikuwa na karatasi imeshapigwa chapa, kwamba mimi mthibitishaji nathibitisha wifi yangu alikuwa kazini siku zote hizo. Akanisukumia kalamu.

"Kitabu ni chako, saini ni yako," akasema. "Ama yeye ni mwongo, ama wewe. Na wewe una watoto."

Nikisaini, wifi anapoteza kazi na kubaki na jina la mghushi. Nikikataa, nimekiri kwamba mghushi ni mimi. Wenzangu wameacha kunisalimia, na wa presi ya jirani ameniambia nikifungua mdomo nimewazika wote. Mume wangu anasema damu yake haiuzwi. Lakini aliyenimaliza ni wifi mwenyewe, nilipoenda kumtazama, akavuta pumzi kama anavuta ndoo kisimani, akaniambia, "Saini tu, wifi. Mimi sina mtoto wa kulisha."

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ya tano ya kumsainia, Kidole alipita kwenye presi ya wifi, akaligusa bamba, ni la baridi, akaniuliza huyu wa hapa yuko wapi, nikasema yuko chooni. Akacheka, akaenda zake. Tangu jana najiuliza alicheka nini.

Nisaini? Au niache kazi nipotee kabla ya Alhamisi? Naogopa, mshauri.

Ni mimi, mnyooshaji niliyenyooshwa.

*

Mnyooshaji,

Pole. Hiyo pole umeshaipata, sasa kaa nikuseme.

Kwanza, huendi popote. Ukitoroka, kitabu kitabaki kinaongea peke yake, na tunajua kinaongea nini.

Mlichokifanya kilikuwa huruma na kilikuwa uongo, vyote viwili kwa mpigo. Miaka yote hiyo mlikuwa mnalipa kwa migongo yenu kitu ambacho sheria imemwagiza mwajiri alipe. Kumi na mmoja wazima, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuuliza! Ofisi ya kazi haina kiingilio, mama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mmeficha ya watu kumi na mmoja, mkamwandikia bosi ushahidi kwamba londri yake haijawahi kupata hata mafua.

Unauliza alicheka nini. Mtu anayehesabu vichwa kila asubuhi hawezi kukosa kichwa kimoja siku kumi na mbili. Alijua tangu siku ya kwanza. Mashuka yananyooshwa, kitabu kinasema wote wazima, kwa nini awaamshe? Na kama kitabu kingemtosha asingekuhitaji wewe na kalamu. Hospitali nayo ina daftari lake la wodi, na hilo hakuna wifi wa kulisainia. Afisa akilifungua Alhamisi, karatasi ya Kidole itamwangukia aliyeisaini, naye atakuwa wewe, umesema uongo mara ya pili, safari hii juu ya mgonjwa.

Kuhusu wifi yako: ruhusa ya mtu anayetafuta pumzi haitumiki. Usiichukue.

Kwa hiyo husaini. Na huisubiri Alhamisi. Jumatatu unakwenda na mumeo kwa afisa kazi, na karatasi za hospitali mkononi, unasema wewe kwanza, maana aliyejisema na aliyefumaniwa hawapimwi kwa mizani moja. Mwambie akusomee kima cha chini cha kazi yako. Mimi sikutajii, kinabadilika na hutofautiana kazi kwa kazi, ila aliyekwambia ni cha wanaokaa kwenye viti amekudanganya. Kabla ya hapo, waite wenzako wa kazini nyumbani kwako, uwaambie usoni unachokwenda kufanya, uulize nani anafuatana nawe. Wakija watatu ni wengi.

Unaweza kufukuzwa? Unaweza. Kuiga saini ni kosa, na mimi si hakimu wa kukuahidi msamaha. Nakwambia tu kwamba kosa lako unaweza kulibeba. La kumzushia wifi yako hutaliweza, ungekuwa unaliweza usingejifungia stoo kuniandikia.

Nimebaki na nakala ya barua yako. Yenyewe nakurudishia kwa anwani uliyoiandika nyuma ya bahasha, pamoja na jibu hili. Isome tena ukiwa umetulia. Tarehe zimo, kitabu kimo, bamba la baridi limo, na hakuna mahali umejitetea. Maelezo umeshayaandika. Juu, palipo na cheo changu, kata uandike Afisa Kazi. Chini, toa utani, uweke jina lako.