Ulikwenda Lushoto Bila Mimi

Kanta shoga yangu,

Kwetu Marangu mtu akifa tunamzika kihambani, kwenye migomba, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Ukiwa na neno lako unatoka na kikombe cha chai, unakaa pale kaburini, unasema naye mpaka moyo utulie. Wewe sina pa kukufuata. Nyinyi Wahindu mnachoma maiti, na majivu yako mwanao Hemal aliyatia baharini huku mimi nimesimama nyuma ya ndugu zenu kama mpita njia. Ndiyo maana nakuandikia. Nina neno na wewe, na si dogo.

Nianze na habari za dukani, maana hizo ndizo ungeuliza kwanza. Mkweo Rupa ndiye anayekalia kiti chako sasa. Vifungo vya makoti amevihamishia droo za juu, mafundi wanalalamika, watazoea. Picha yako wameitundika nyuma ya kaunta na shada la maua ya manjano. Mimi bado nipo mlango wa pili na masufuria yangu. Lakini karibu mwezi mzima nilikuwa nikipita dukani kwako nimegeuza uso barabarani, kwenye mikokoteni, ili nisiione hiyo picha. Rupa alidhani ni majonzi. Ilikuwa hasira, Kanta.

Wewe ndiye uliyeianzisha ile safari. Ilikuwa mwezi wa tatu, umeme umekatika, Kariakoo nzima inachemka, tumekaa kibarazani tunajipepea na vipande vya boksi. Ukasema tangu uzaliwe hapa mjini hujawahi kujifunika blanketi kwa kulihitaji. Ukasema unataka kwenda mahali uongee uone pumzi yako ikitoka mdomoni kama moshi. Nilicheka sana, maana hiyo baridi mimi niliikimbia nikiwa na miaka kumi na tisa. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshachagua: Lushoto, siku saba, mwezi wa nane, baridi ikiwa inaishia na ukungu umeanza kupungua.

Basi tukawa kama wasichana wanaojiandaa na sendofu ya kumuaga bibi harusi. Kwenye kifuniko cha boksi la zipu uliandika vya kubeba: soksi nzito, kofia, achari yako ya maembe, chupa ya chai kutoka kwangu. Kwa kuwa wewe huli nyama, niliapa nami sitaigusa siku zote saba, ukasema utanifuma kwa muuza mishikaki siku ya pili tu. Tulimpigia Mama Shekiondo, mwenye nyumba ya wageni, simu tumeiweka sauti ya juu, wewe unamuuliza kama dirisha linatazama bondeni, mimi namuuliza kama maji ya moto yapo. Akatuwekea chumba cha vitanda viwili. Kila wiki ulikuwa na swali jipya la kumuuliza.

Mwezi wa sita ukaniaga. Ulisema unaenda Arusha, binti wa mdogo wako Lata anaposwa. Uliporudi ulinisimulia asubuhi nzima. Ulinieleza sari ya binti, rangi yake na nyuzi zake. Ulinieleza mama wa bwana harusi alivyosinzia katikati ya shughuli mpaka sahani ikamponyoka. Nilicheka nikashika ukuta. Nilikuamini, Kanta. Kwa nini nisikuamini?

Mwisho wa mwezi wa saba ukalazwa Jumatatu, Alhamisi ukawa haupo tena. Wakasema mapafu. Na mimi kile kikohozi nilikuwa nakiita vumbi la vitambaa. Kila asubuhi nilikuletea chai ya tangawizi, unakunywa, unanishukuru, unasema leo afadhali.

Wiki mbili baada ya msiba nikampigia Mama Shekiondo kumwambia mwenzangu amefariki, kwa hiyo hatuji. Akasema, "Pole sana mama. Kumbe ile ya mwezi wa sita alikuja kutuaga."

Nikamuuliza ipi ya mwezi wa sita. Akanieleza bila wasiwasi, alidhani najua. Ulifika na mdogo wako, mkakaa siku nne, chumba kile kile.

Nilikwenda kwa Rupa na simu ikiwa bado mkononi. Hata sikumaliza swali, alianza kulia. Daktari alikuambieni mwezi wa nne. Hemal alijua, Lata alijua, hata yule fundi cherehani anayekaa kibarazani kwako alijua, maana ndiye aliyekushika mkono siku ulipoanguka stoo. Posa haikuwapo. Rupa akasema, "Mama alituapisha, shangazi. Alisema mtu yeyote ajue, wewe usijue."

Kanta, nimeishi ukuta mmoja na wewe miaka ishirini na mbili. Mume wangu alipoondoka, wewe ndiye uliyejua kabla ya mama yangu. Nilikuonyesha uvimbe wangu kwenye choo cha dukani kabla sijamwonyesha daktari. Halafu fundi cherehani ajue unakufa, mimi nichague soksi. Nilijiona mjinga wa mtaa mzima. Nikawaza siku zote tulizompigia simu yule mama, wewe umeinamia simu unauliza habari za dirisha, kisha ukaenda kulala chini ya dirisha hilo hilo bila mimi.

Basi safari sikuivunja tena. Nilifunga duka nikapanda basi, kwa ubishi tu, nataka niione hiyo sehemu uliyoninyima. Kuanzia Mombo gari linapanda kona kwa kona, na hewa ikaanza kupoa, nami nikazidi kuchukia kila kilichokuwa kizuri. Mama Shekiondo ni mnene, mpole, anatembea na kandambili na soksi. Siku mbili za kwanza sikumuuliza kitu. Nilikula maharage yake, nikatembea mpaka ukingo wa mlima, nikarudi kulala. Kitanda cha pili nilikirundikia nguo zangu ili kisinitazame.

Siku ya tatu, tunachambua mboga jikoni, nikamuuliza ulikuwaje. Akasema hukuweza kufika hata getini. Ulikaa barazani umejifunga mablanketi mawili, unakohoa, unatazama bonde. Akasema naye alikuuliza yuko wapi yule mwenzako wa kwenye simu. Ukamjibu, "Kwa Lata nakohoa tu. Kwa Ndeshi ingebidi nicheke."

Niliacha kuchambua. Maneno hayo yaliniuma kuliko uongo wa sari. Nani alikulazimisha ucheke? Lini nilikuambia rafiki yangu ni yule anayecheka tu?

Lakini sitakuandikia nusu, kama ulivyonifanyia wewe. Usiku ule nilikumbuka jambo. Mwezi wa tano uliniuliza, taratibu, huku unapima lesi ya mteja, kama hatuwezi kwenda mapema zaidi, mwezi wa sita. Nami bila kugeuka nikakujibu kwamba baridi ya mwezi wa sita itakuua, ngoja wa nane. Ukasema sawa. Ukaendelea kupima lesi.

Uliniomba, basi. Uliniomba mara moja, na sababu ukaimeza. Ungesema neno moja, Kanta. Ningeteremsha geti siku hiyo hiyo. Ningekubeba mgongoni mpaka huko ukingoni. Ningekaa na wewe barazani ukakohoa siku zote nne na nisikuchekeshe hata mara moja. Hukunipa nafasi ya kuliweza hilo. Uliamua peke yako kwamba siliwezi, ukampa Lata siku zilizokuwa zangu. Nalia ninapoandika haya, na bado nimekasirika. Vyote viwili vipo.

Nilimaliza siku zote saba. Nimerudi, nimefungua duka, na Rupa nimemsamehe, maana aliapishwa. Asubuhi tunakunywa chai pamoja. Wateja wako wakiuliza safari yetu iliishia wapi, nawaambia ukweli: tulikwenda, ila si pamoja.

Kwaheri, shoga yangu. Hii ndiyo ahadi yangu kwako. Sitakusamehe kwa sababu tu umekufa. Ukija kusamehewa, utasamehewa kama mtu mzima aliyenikosea, kama nilivyokuwa nikikusamehe ulipokuwa mzima mlango wa pili. Na mpaka siku hiyo nitaendelea kugombana na wewe, maana mtu nisiyempenda nisingehangaika naye hivi.

Mimi,
Ndeshi