Basi la Klabu Yetu Hubeba Maiti na Wachezaji Hawajui

Mpendwa Mama Cheptanui, najua safu yako imezoea wakwe na waume waliopotea na leo nakuletea mambo ya mpira, lakini nimekosa pa kwenda na naomba unishike mkono, maana ikifika Ijumaa lazima niwe nimeamua na mpaka sasa sijui nianzie wapi.

Mimi ni katibu wa klabu ya Rift Reli hapa Nakuru, na kama una umri wangu basi unaijua, ni ile iliyoanzishwa na wafanyakazi wa reli waliotoka upande wa magharibi, ikachukua kombe la ligi mara mbili, na hata leo ukienda mtaa wa Rhonda utapata mzee wa kukutajia kikosi chote cha miaka ile bila kukwama. Siku hizi hali ni nyingine kabisa. Mdhamini alituacha katikati ya msimu uliopita, na alipoondoka alituma vijana wabandue stika zake kwenye basi letu, na kwa kuwa jina lake na letu yalikuwa kwenye stika moja, vyote vikaenda pamoja, basi likabaki jeupe pe, huwezi kujua ni la nani. Kisha kocha wa zamani akatushtaki kwa mshahara ambao hatukumlipa na tukafungiwa kusajili wachezaji, mwenye nyumba ya kambi akaweka kufuli, mashabiki wakachoka kuja kutazama tukifungwa, na wachezaji wakakaa miezi bila kuona shilingi. Tulifanya harambee, mgeni wa heshima akaahidi makubwa mbele ya kamera, tukamlisha nyama yeye na watu wake, na tangu siku hiyo simu yake inaita tu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Asubuhi moja mama mjane kutoka Kaptembwo alikuja ofisini akauliza kama basi letu hukodishwa, mumewe amefariki na wanataka kumpeleka nyumbani Vihiga, na mabasi aliyouliza yote yamemtajia bei ya kumvunja mgongo, na huku anaongea ameshika skafu ya klabu yetu iliyochakaa, akaniambia ni ya marehemu, atazikwa nayo. Nilikubali hata kabla hajamaliza. Dereva wetu, Mbugua, alifungua kwa spana kile kiti kirefu cha nyuma akakitoa, jeneza likaingia kwa mlango wa dharura, familia ikapanda, wakaenda wakazika wakarudi, na Mbugua akaliosha basi akarudisha kiti mahali pake. Pesa hiyo ikalipa stima na maji, na kila mchezaji akapata kitu kidogo cha kupeleka nyumbani. Baada ya hapo watu wa mochari wakawa wanawaelekeza wengine kwetu, leo Busia, wiki ijayo Siaya, na Mama, nisikufiche, tangu mdhamini atuache hayo ndiyo mapato pekee ambayo hayajawahi kukosa, na ndiyo yanayolipa mishahara hii nusu nusu tunayolipa.

Shida ni kwamba wachezaji hawajui. Niliwaambia basi linakodishwa na kwaya. Niliogopa, kwa sababu kepteni wetu, Masinde, aliwahi kukataa kupanda gari la kukodi aliposikia limetoka matangani, akasimama kando ya barabara na begi lake akaniambia, "Madam, hapo mimi siingii, hata mkinilipa double. Mguu ikivunjika mtasema nini?" na nusu ya timu ikasimama naye. Wakati mmoja akaokota utepe wa zambarau wa waombolezaji chini ya kiti, akanionyesha, "Hii kwaya yenu inavaa ribbon ya aina gani?" nikasema hiyo siku ilikuwa harusi. Naye golikipa wetu, Kiplimo, ambaye hukaa kile kiti cha nyuma kwa sababu ana miguu mirefu na pale hukaa akainyoosha, amelalamika mara nyingi, "Madam, hii kiti inacheza aje? Kila wiki ni kama kuna mtu ameifungua," nami namjibu kwamba barabara zetu ni mbaya. Huwa naona aibu nikimtazama akikaa pale akila ndizi zake na kucheka na wenzake, lakini nilijiambia afadhali wakae bila kujua kuliko wakae bila kula.

Mama, Jumapili baba yake Kiplimo alifariki hapa Nakuru, na mazishi ni Jumamosi huko kwao Keringet. Kijana alikuja ofisini Jumatatu macho yamevimba, akaketi, akaniambia, "Madam, najua hii basi haijawahi kubeba maiti, na najua vijana wanaogopa. Lakini mzee alikuwa anatoka Keringet kuja kila home game, hata wakati hatushindi. Nataka aende na basi yetu. Wacha niwaombe vijana mwenyewe. Wakikubali, na wewe utakubali?" Nilimwambia anipe siku chache nifikirie, na alipotoka nilifunga mlango nikalia kama mtoto.

Nilimwendea mwenyekiti wetu, Mzee Ooko, naye akasema nisiwe na maneno mengi, nimwambie Kiplimo gearbox imekufa, kisha tumkodishie basi lingine kwa pesa zile tulizowekea mishahara ya mwezi huu. Nilimwendea Mbugua, yeye akasema kama ni kwenda mochari na timu nzima nyuma nisahau habari ya siri, kwa sababu, "Hao watu wa geti hawaniulizi tena mimi ni nani. Wananiita jina, wananionyesha pa kuparki, wananiuliza leo ni wa wapi." Na wachezaji wote wamesema watamsindikiza mwenzao. Nikisema ukweli nahofia wagome kupanda basi, na tusipofika mechi za ugenini tutanyang'anywa alama na kushushwa daraja. Nikiacha matanga hakuna mshahara. Nikimdanganya Kiplimo siku anayomzika baba yake, sijui kama nitaweza kukaa naye meza moja tena. Naomba uniambie nifanye nini na huyu kijana, na kama una neno lolote kuhusu klabu yenyewe, itatokaje kwenye shimo hili, niambie pia, kwa sababu wanaume wa kamati wameongea mpaka wameisha maneno.

Katibu, Kiamunyi

*

Katibu, pole, na umpelekee Kiplimo pole zangu pia. Mpira siujui. Mume wangu akiutazama, mimi huwa kando nachambua maharagwe. Lakini mambo ya nyumba isiyo na pesa nayajua, na nyumba yako naiona vizuri kutoka hapa.

Kwanza nikukosoe, halafu tuendelee. Hukukosea kumbeba yule baba wa Vihiga. Ulikosea kusema ni kwaya. Watu wazima wanaokutegemea kwa unga wana haki ya kujua unga umetoka wapi, na wana haki ya kuamua wanakaa juu ya nini. Masinde alikwambia wazi wazi kwamba jambo hilo linamtisha, na wewe ulichofanya ni kumfichia ili apande. Hofu yake unaweza kuiona ya kipuuzi, mimi siioni hivyo, kwetu pia wapo wasiokaribia maiti na hakuna anayewacheka. Hata kama ni ya kipuuzi, ni yake. Hukupewa uiamulie.

Ushauri wa mwenyekiti wako utupe. Achukue mishahara ya watu ishirini na zaidi anunue uongo wa siku moja? Halafu Jumatatu Kiplimo akilikuta basi linanguruma uwanjani, gearbox itakuwa imefufuka? Ndivyo klabu yenu ilivyofika hapo ilipo, Katibu, kwa kulipia sura. Mgeni wa heshima mlimlisha nyama kwa pesa ya nani?

Sasa habari ya klabu. Unaniandikia kwa aibu kama mtu aliyeiba, na kumbe umeanzisha biashara. Mna kitu kimoja mnachomiliki na watu wako tayari kukilipia, na wateja wenu, hao wa Vihiga, Busia na Siaya, ni wajukuu wa wale wale watu wa reli walioianzisha timu. Hao wameacha kuja uwanjani, lakini wakifiwa wanakuja kwenu. Hilo hata mdhamini hakuwapa. Basi lirudishieni jina. Liandikwe kwa rangi, si stika ya mtu, na bei ibandikwe mlangoni mwa ofisi ili asiyejua asome. Pesa ya basi ikae kwenye akaunti yake peke yake, na mmoja wa wanaoweka sahihi awe mchezaji aliyechaguliwa na wenzake. Mafuta na matengenezo yatoke hapo kwanza, halafu mishahara, na kamati iwe ya mwisho. Nikisikia kamati imelipwa marupurupu mchezaji hajalipwa nitakuandika tena hapa, na safari hiyo kwa jina.

Yule kocha wa zamani msimkimbie. Mwendeeni nyumbani, mketi, mkubaliane mumlipe kidogo kidogo kila mwezi, mwandikishiane, na mlipe kweli. Mtu akianza kuona chake hupoa, na mkimaliza naye mtafunguliwa kusajili. Wakati huo chezesheni vijana mlio nao. Wachezaji ambao kandarasi zao hamziwezi waambieni ukweli waende wakatafute mahali pengine, badala ya kuwaweka kwa ahadi. Na mashabiki waiteni kwa kitu kidogo wanachoweza kutoa kila mwezi, kama chama chochote cha akina mama, na kila mwisho wa mwezi wasomeeni hesabu kwa sauti pale uwanjani. Kuwafurahisha hakuna haja, wao wanataka kuambiwa ukweli. Haya hayatawarudishia kombe mwaka huu, na pengine hata mwaka ujao. Mtakuwa hai, na kwa sasa hilo latosha.

Tuje kwa Kiplimo, kwa sababu naona hilo ndilo lililokukalia kooni.

Usingoje Ijumaa. Gazeti hili likikufikia, liweke chini ufunge ofisi uende. Mwambie yeye kabla ya wenzake, mkiwa wawili. Usianze na mishahara wala mdhamini wala kocha, hayo ni ya kujitetea. Anza na kiti. Mwambie, kile kiti ulichosema kinacheza, hukukosea, ni sisi tunaokifungua, na pale unaponyoosha miguu ndipo tunapowaweka marehemu. Mwambie ulimdanganya, na umwombe msamaha kwa maneno hayo hayo, si kwa kuzunguka. Atakasirika. Akasirike. Usimnyamazishe, usimwambie ajikaze, usimkumbushe kwamba pesa hiyo yeye pia aliila.

Akishajua, wenzake waambieni wote pamoja, siku hiyo hiyo, kabla hawajasikia kwa watu wa geti. Atakayesema hapandi, apewe nauli asafiri kivyake kwa mechi na kwa mazishi, na asinyang'anywe nafasi yake kwenye timu kwa ajili hiyo, si wiki hii wala baadaye. Wakitaka basi liombewe, tafuteni pasta, na kama kuna wazee wenye taratibu zao waiteni pia, gharama ni chai tu. Nadhani wengi watapanda, maana waliamua kumsindikiza mwenzao kabla hata ya kuulizwa. Lakini mimi siwajui, na wewe usiahidi kwa niaba yao.

Kiplimo anaweza kusema hataki tena, baba yake atafutiwe gari lingine. Akisema hivyo, kubali papo hapo, na lipieni kwa mifuko yenu ya kamati, mkianza na Mzee Ooko. Mishahara msiiguse.

Anaweza pia kusema bado anataka mzee wake aende na basi la timu. Basi Ijumaa alasiri, Mbugua akiliegesha hapo uwanjani, asifungue kile kiti peke yake kama alivyozoea kufanya mkiwa mmejificha. Mwite Kiplimo, na kama yuko tayari, mpe spana.